Nitakusemea: Nani Aandike Habari za Mtu Mwenye Usonji?

"Nitakusemea kwa mwalimu!" Kila aliyekulia uswahilini anakijua kitisho hicho, ama amewahi kukitoa ama amewahi kutolewa. Maana yake ni kwamba habari zako nitazifikisha kwa mkubwa, kwa maneno yangu mimi, na wewe mwenyewe hutakuwapo. Lakini kitenzi hichohicho, kusemea, ndicho tunachomsifia mbunge anayewasemea wapiga kura wake, au jirani anayemsemea mjane mbele ya wazee. Utetezi na uchongezi vinakaa nyumba moja. Sidhani kama lugha imekosea hapo. Nadhani inatuonya.

Onyo hilo limenijia mara nyingi miezi hii nikisoma vitabu vinavyohusu usonji. Nilianza kwa sababu za kikazi. Mimi ni mwandishi wa habari, naishi Mikindani, na kila inapofika Aprili 2, ambayo tangu 2008 ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kukumbusha watu kuhusu usonji, habari zinazotoka huwa na umbo moja. Kuna mgeni rasmi, kuna daktari, kuna mama anayefuta machozi, halafu kuna picha ya mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Nikataka kujua kama vitabu navyo viko hivyo. Jibu fupi ni kwamba vingi viko hivyo. Jibu refu ndilo hili, na lina ugomvi ndani yake. Kwa wenzetu wa Marekani na Ulaya ugomvi huo umetimiza zaidi ya miaka 30, huku kwetu ndiyo kwanza unapiga hodi: nani awasemee watu wenye usonji, wazazi wao au wao wenyewe?

Tuanze na wazazi, maana nao waliwahi kunyang'anywa sauti. Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943, akiwa Baltimore na watoto 11 aliowachunguza, aliwatazama na wazazi pia, akaona wachache tu ndio wenye ukunjufu. Mbegu hiyo ikaota vibaya. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alichapisha The Empty Fortress, yaani ngome tupu, akiwatwisha lawama wazazi, mama hasa: mtoto amejifungia ndani kwa sababu nje alikutana na baridi. Hebu fikiria mama wa miaka ile. Mtoto haongei, na bado daktari anakwambia ni wewe uliyemnyamazisha.

Mwaka huohuo wa 1967 mama mmoja wa Kimarekani, Clara Claiborne Park, alichapisha The Siege, yaani mzingiro. Kinaanza na mtoto mdogo anayezunguka doa moja sakafuni, anazunguka na kuzunguka, ameridhika. Park hadai kumjua kuliko anavyomjua. Anaandika anachokiona, siku kwa siku, kwa subira ambayo Bettelheim hakuwa nayo. Kwangu mimi kitabu hiki ndicho kilichowarudishia akina mama heshima, na bado kinasomeka.

Lakini tazama majina ya vitabu hivyo viwili. Vimeandikwa na watu wasioelewana kabisa, na vyote vina picha ileile ya ngome. Mmoja anasema ngome ni tupu, mwingine anaizingira ili aingie. Sisi wa Mikindani ngome tunayo, Boma waliloliacha Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895 hapo mlimani na leo ni hoteli. Ukiwa huku chini bandarini unaweza kusimulia kuta na mnara wake mpaka usiku uingie. Habari za vyumbani lazima umuulize aliye ndani. Katika vitabu vyote viwili vya 1967, aliye ndani haulizwi. Na kwa haki ya Park niseme hili: mwaka 2001 alitoa kitabu cha pili, Exiting Nirvana, binti yake akiwa mtu mzima na mchoraji, na safari hii michoro ya binti imo kitabuni. Mama bado ndiye anayesimulia, lakini sasa na binti ameweka kitu chake juu ya meza.

Aliyeugeuza mjadala ni Jim Sinclair, mtu mwenye usonji, aliyezungumza na wazazi kwenye mkutano wa kimataifa Toronto mwaka 1993. Hotuba yake ikawa insha, Don't Mourn for Us, kwa maana ya "msituombolezee". Hoja yake ni nyepesi kuielewa na nzito kuimeza. Msiba mnaoulilia, anawaambia wazazi, ni wa mtoto mliyemtarajia, ambaye hakuja. Huyu aliyekuja yuko hai, yuko mbele yenu, na kilio chenu anakisikia. Wala usonji si ganda lililomficha mtoto mwingine wa kawaida ndani yake. Ukiuondoa, humpati yuleyule.

Watu wengi huisoma insha ile kwa hoja zake. Mimi naipendea viwakilishi vyake. Kabla yake, katika karibu kila nilichosoma, mwenye usonji ni "yeye": yeye hafanyi hivi, yeye anarusha vile. Kwa Sinclair ghafla kuna "sisi", na wazazi, ambao siku zote walikuwa ndio wasimulizi, wamekuwa "ninyi". Hilo pekee linatosha kukufanya ujirekebishe kwenye kiti.

Baada ya hapo ugomvi ukapata ofisi. Mwaka 2005 wazee wawili wenye mjukuu mwenye usonji, Bob na Suzanne Wright, walianzisha Autism Speaks, yaani "usonji unasema". Mwaka uliofuata Ari Ne'eman na wenzake wakaanzisha Autistic Self Advocacy Network, mtandao wa wenye usonji wanaojitetea. Mwaka 2009 Autism Speaks ikatoa filamu fupi, I Am Autism, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón. Humo usonji wenyewe umepewa sauti, tena sauti ya kutisha, unazitambia familia kwamba utazifilisi na kuvunja ndoa zao. Watoto wanaonekana tu, kimya. Kama mhakiki siwezi kuipita hiyo hivihivi: maradhi ya kufikirika yamepewa nafsi ya kwanza, na watu halisi wamenyimwa. Wenye usonji wakaandamana, filamu ikaondolewa. Mwaka 2013 John Elder Robison, mwandishi mwenye usonji aliyekuwa akiishauri taasisi hiyo, akajiondoa. Ilipofika 2015 ndipo watu wenye usonji walipoingia kwenye bodi yake.

Ukitaka kuamua ugomvi huu kwa methali, utakwama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sawa pia. Methali ya kwanza inazungumzia uchungu, na uchungu wa mzazi ni wa mzazi, hakuna wa kumbishia. Ya pili inazungumzia kitanda. Matatizo huanza pale mtu anapotumia methali ya kwanza kudai kitanda: kwa kuwa naumia kwa ajili yako, basi najua unavyolala.

Sasa nifike kwenye kitabu kilichonitesa zaidi, maana kinawachanganya wote. Naoki Higashida ni Mjapani. Akiwa na miaka 13 aliandika kitabu kilichochapishwa Japani mwaka 2007, na mwaka 2013 kikatoka kwa Kiingereza kwa jina The Reason I Jump. Kwetu kingeitwa Kwa Nini Naruka. Kina maswali 58, yale ambayo watu huogopa kumuuliza mwenye usonji usoni, na majibu yake, pamoja na hadithi fupi. Kwa nini unarudia swali lilelile? Kwa nini hututazami machoni? Higashida haongei kwa urahisi. Aliandika kwa kuonyesha herufi moja moja kwenye ubao, ujuzi alioupata kwa msaada wa mama yake. Waliokitia kwenye Kiingereza ni mwandishi David Mitchell na mkewe, KA Yoshida, ambao nao wana mtoto mwenye usonji.

Unaona? Kitabu kinachosifiwa kuwa sauti kutoka ndani kimetufikia kupitia mama na kupitia wazazi wengine wawili. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama maneno ni ya kijana mwenyewe. Hawalisemi kwa chuki. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi na lugha cha Marekani kilitoa tamko dhidi ya mbinu mbili ambazo ndani yake mtu mwingine humshika mkono mwenye usonji au humshikia ubao, kikieleza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa ujumbe unatoka kwake. Mitchell anajibu kwamba Higashida huonyesha herufi mwenyewe, bila kushikwa.

Siwezi kuimaliza kesi hiyo nikiwa Mikindani. Ninachoweza kusoma ni maandishi, na humo kuna jambo ambalo wanaobishana hulipita haraka. Higashida anajibu mara nyingi kwa "sisi". Sisi wenye usonji tunafanya hivi, tunahisi vile. Kijana wa miaka 13 anawasemea watu duniani kote ambao hajawahi kuwaona. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba kila herufi ni yake, kusemea hakujaisha, kumebadilisha tu msemaji. Majibu yanayonigusa ni yale anayorudi kwenye "mimi", anapoeleza kuruka kwake, mwili wake, aibu yake anapokosea mbele za watu. Hapo simuulizi cheti cha uwakilishi. Anasimulia kitanda alichokilalia.

Filamu iliyotokana na kitabu hicho, iliyoongozwa na Jerry Rothwell na kutoka mwaka 2020, ilichagua njia nyingine. Higashida mwenyewe haonekani. Tunaona vijana wa India, Uingereza, Marekani na Sierra Leone, na kamera inajaribu kusikia kama wao: matone ya mvua, mlio wa nyaya za umeme, mwanga kwenye ukuta. Ni filamu nzuri, na imenifundisha kutazama. Lakini miongoni mwa watayarishaji wake wamo wazazi wa kijana mmoja anayeonekana humo. Na inapofika Freetown, ambako tunaambiwa majirani humwona mtoto wa namna hii kuwa wa shetani, wanaozungumza ni wazazi, walioamua kuanzisha shule. Binti yao anaonekana. Tunamsikia anavyopumua, hatumsikii anachotaka.

Hapo Freetown ndipo nilipoiona Mtwara, na ndipo ninapoachana kidogo na wenzangu wanaotaka kuuleta ugomvi wa Marekani kama ulivyo. Kule waliokabiliana walikuwa watu wenye usonji na taasisi kubwa yenye fedha. Huku mzazi hana taasisi. Vyama na taasisi tulizonazo zimeanzishwa na watu ambao mlango uliwafungwa. Chama cha usonji cha Kenya, Autism Society of Kenya, kilianzishwa na wazazi mwaka 2003. Lukiza Autism Foundation ya Dar es Salaam, inayojulikana kwa mbio zake za Run 4 Autism, imeanzishwa na mama. Nairobi kuna Andy Speaks, iliyoanzishwa na Sylvia Mochabo, mama mwingine. Kutoka hapa Mtwara hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500, na mama anayesafiri na mtoto asiyevumilia kelele za basi hahitaji mhakiki wa kumwambia anyamaze.

Nilipomweleza dada mmoja jirani yangu, mwenye mtoto wa kiume wa miaka tisa, hoja ya Sinclair, alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kisha akasema, "Sawa kaka, huyo anaongea. Wangu haongei. Mimi nikinyamaza, nafasi ya shule nani atamwombea? Wewe?"

Jibu sikuwa nalo. Wala siamini kwamba Sinclair analo, kwa maana ya jibu la kumnyamazisha yule dada. Kuomba nafasi ya shule ni kumsemea mtoto kwa maana njema kabisa, na mzazi asiyefanya hivyo ndiye wa kulaumiwa. Lakini kabla sijaondoka aliniambia na jambo jingine. Kuna ndugu yao mmoja aliyemrekodi mtoto siku amechachamaa, amevua nguo, anajipiga kichwa ukutani, akaisambaza kwenye kundi la ukoo ili watu "waelewe hali na wachangie". Watu wakachangia kweli. Yule dada hakufurahi. "Akikua akaiona?" akaniuliza.

Nadhani yeye mwenyewe ndiye aliyelijibu swali lake la kwanza. Kusemea kule kwa mwalimu na kusemea kwa utetezi vilikutana kwenye simu moja. Nia ilikuwa njema, fedha zilipatikana, na mtoto alichongewa kwa ukoo mzima. Vitabu vingi vya wazazi, vya Ulaya na Marekani hasa, viko hivyohivyo: sura nzima kuhusu choo, sura nzima kuhusu siku mbaya kuliko zote, na mtoto ana jina lake kamili na picha jaladani. Mwandishi anajivua nguo, tunamsifu kwa ujasiri. Lakini aliyevuliwa hasa ni mwingine, na hakuulizwa.

Je, fasihi yetu inafanyaje? Usonji kwa jina lake sijaukuta katika riwaya za Kiswahili nilizosoma, kwa hiyo niangalie jirani zake. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, kuna watoto wanaozaliwa na vichwa vikubwa. Msimulizi ni Kazimoto, msomi aliyechanganyikiwa, na kwake watoto wale ni hukumu juu ya wazazi, alama ya kizazi kilichooza. Riwaya naipenda na nimeisoma zaidi ya mara moja, lakini mtoto mle ndani hana maisha yake. Yupo ili baba apate sababu ya kukata tamaa. Ukilizoea somo hilo darasani, ukija kumwona mtoto wa namna hiyo mtaani unajiuliza kwanza wazazi wake walifanya nini. Mikindani swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini, na majini hutajwa.

Kisha kuna Takadini ya Ben Hanson, ambayo waliopita sekondari Tanzania wengi wanaikumbuka kuliko wanavyokubali. Sekai, baada ya miaka ya kungoja mtoto, anamzaa Takadini mwenye ualbino, na anakimbia naye ili asiuawe. Nusu ya kwanza ni hadithi ya mama, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani mtoto yuko mgongoni. Lakini Hanson hamwachi mgongoni. Takadini anakua, mzee Chivero anamfundisha kupiga mbira, anapenda, anachumbia, anakataliwa, anakubaliwa. Hadithi inamtoka mama taratibu na kumwendea mwana. Mwandishi amejua wakati wa kumshusha mtoto chini.

Na nje ya kitabu tumeyaona hayo yakitokea. Watu wenye ualbino nchini walisemewa miaka mingi, wengine kwa huruma, wengine kwa matangazo ya kutisha. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuingia bungeni. Mwaka 2010 Salum Barwany alichaguliwa kwa kura kuwa mbunge wa Lindi Mjini, hapo jirani zetu. Wapiga kura wa Kusini walimchagua mtu mwenye ualbino awasemee wao, bandari yao, korosho zao. Kitenzi kiligeuka upande.

Mtu ataniambia ualbino haugusi ulimi, na ni kweli. Mtoto wa yule dada hatasimama jukwaani kama Barwany. Ila tusichanganye sauti na ulimi. Hapa Mikindani kuna nyumba yenye kibao cha David Livingstone, kwa kuwa alipita hapa mwaka 1866 akielekea bara. Chuma na Susi walikuwa kwenye msafara ule. Livingstone alipokufa mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake mpaka pwani. Walipofika Uingereza, mchungaji Horace Waller aliketi nao, akawauliza, akaandika, na mwaka 1874 kikatoka kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone, chenye habari zao kwa kalamu ya Waller. Chuma na Susi walikuwa na ndimi za kutosha, za lugha kadhaa. Walichokosa ni kalamu na mchapishaji. Mwenzao Jacob Wainwright, aliyekuwa amefundishwa kuandika, aliacha shajara ya mkono wake, na leo inasomeka mtandaoni. Ukizisoma pamoja, huhitaji kufundishwa tofauti ya kusemewa na kusema.

Kwa hiyo mtu asiyeongea bado ana cha kusema: kwa picha anazoonyesha, kwa simu, kwa mlango anaousukuma, kwa wimbo anaotaka urudiwe na ule anaouzima. Na wapo wanaoongea, hata huku. Kenya kuna Karen Muriuki, mwanamke mwenye usonji ambaye amekuwa akizungumza hadharani kwa jina lake. Kiswahili chenyewe kimeshatuwekea msingi. Waingereza wanagombana kama waseme "mtu mwenye usonji" au watumie neno moja linalomfanya usonji awe ndiyo utambulisho wake. Sisi tunasema "mwenye", kama mwenye nyumba, kama mwenye shamba. Aliye nacho ndiye mwenyewe, na mwenyewe huulizwa.

Sheria nayo imeshafika huko. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 4 cha mkataba kinataka nchi ziwashirikishe watu wenye ulemavu, watoto wakiwamo, katika maamuzi yanayowahusu. Mwaka 2018 kamati ya mkataba ikafafanua tofauti kati ya vyama vya watu wenye ulemavu na vyama vilivyoundwa kwa ajili yao. Wazazi haikuwafukuza. Iliwapa kazi: kumsaidia mtu wao apate sauti na ashike maisha yake. Kwa Kiswahili cha nyumbani, kumshusha mgongoni.

Basi nikirudi kwenye kazi yangu ya kuhakiki, nimejiwekea maswali matatu kwa kila kitabu, makala au filamu ya usonji nitakayokutana nayo. La kwanza: "mimi" ya humu ndani ni ya nani? Mama akisema "mimi nilichoka", namwamini asilimia mia. Akisema "yeye hajui kinachoendelea", namwomba ushahidi. La pili ni lile la jirani yangu: akikua akaiona? La tatu: je, aliulizwa, kwa njia anayojibia yeye, hata kama jibu lilikuwa kugeuka na kuondoka?

Swali la tatu ndilo gumu, na vitabu vizuri vitalishindwa. The Siege kinalishindwa, na bado ningemkopesha yeyote anayetaka kukisoma. Kukishindwa si dhambi. Ninachotaka ni tukiite kwa jina lake. Kile ni kitabu cha mama, kinachosimulia umama, na ni kitabu kinachohitajika sana kwa Kiswahili. Natamani yule dada anayechambua mchele akiandike, nami niko tayari kumpigia chapa. Ila jaladani tusiandike kwamba ni sauti ya mwanawe. Huyo naye ana miaka tisa tu. Tumwachie nafasi.